Herufi Chini ya Grisi

Fundi alikuwa ameinama ndani ya boneti, kitambaa mkononi, akifuta grisi iliyogandamana na vumbi la Kisauni, Mombasa. Mimi nilikuwa nimekalia tairi bovu, kikombe cha kahawa chungu mkononi, nikisubiri. Ilikuwa sevisi ya kawaida: oili, filta, plagi. Hakuna kilichoharibika.

"Hebu njoo uone."

Juu ya kipande cha chuma ambacho mimi nisingeweza kukutajia jina lake, kulikuwa na herufi. Akasugua tena. D. A. I. Kisha zikajitokeza zilizobaki.

Daihatsu.

Nikazunguka nyuma ya gari kutazama mlango wa buti, kama mtu anayehakikisha nambari ya nyumba aliyoagizwa. Ile nembo ya mayai matatu ilikuwa pale pale. Toyota, na pembeni yake, Passo.

"Ami, mbona kifaa cha gari jingine kimeingia humu?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Huyu ni mtu ambaye amekuwa akiinamia magari ya watu tangu sijaota meno.

"Cha gari jingine wapi, mwanangu? Hilo ndilo gari lako. Hii ni Daihatsu, imevishwa kanzu ya Toyota. Kumbe hukujua?"

Sikujua.

## Nilichonunua

Nilipokwenda yadi kununua gari nilikuwa na masharti mawili: lisiwe mlafi wa petroli, na liwe Toyota. Sharti la kwanza lilikuwa langu. La pili nimelirithi. Marehemu baba hakuwahi kumiliki gari, lakini alikuwa na maoni makali kuhusu magari kama walivyo wengi wasiokuwa nayo, na kwake kulikuwa na Toyota na kulikuwa na matatizo.

Basi nikalipa. Muuzaji hakusema neno Daihatsu, nami sikuuliza. Ungeuliza ya nini, na jina limeandikwa nyuma ya gari kwa herufi zinazong'aa?

Usiku ule baada ya sevisi nilikaa na simu hadi saa saba, nikisoma. Kwamba Passo ina pacha wake Japani anayeitwa Daihatsu Boon, na wote wawili walianza kuuzwa 2004. Kwamba toleo la 2016, ambalo ndilo langu, lilisanifiwa na kuundwa na Daihatsu mwanzo hadi mwisho, Toyota ikapewa lake liwe na sura tofauti kidogo na nembo yake. Injini yenyewe, ile ya pistoni tatu na cc 996, ni kazi ya Daihatsu. Hizi kampuni mbili zina uhusiano tangu 1967. Toyota ikachukua hisa nyingi zaidi 1998, na 2016 ikainunua Daihatsu yote.

Nilihisi kama mtu aliyeoa kwa picha.

Halafu nikasoma jambo jingine likanipunguzia kiburi. Kampuni iliyozaa Daihatsu ilianzishwa Osaka mwaka 1907, ikitengeneza injini. Jina lenyewe ni vipande viwili vilivyounganishwa, Osaka na injini. Toyota kama kampuni ya magari ilisajiliwa 1937. Kwa hivyo niliyemwona mtoto wa kambo ndiye mzee. Na Toyota nayo si jina la ukoo hasa. Ukoo ni Toyoda, na jina likabadilishwa 1936 kwa sababu, pamoja na mambo mengine, likiandikwa Toyota kwa Kijapani huchukua mikwaruzo minane ya kalamu, na minane kwao ni bahati.

Nami nimekaa Kisauni nimenuna juu ya usafi wa jina.

## Yakishakuingia machoni

Wiki zile nikawa sipiti barabarani kama watu. Kila gari nililitilia shaka.

Probox, gari lililobeba nusu ya mirungi na abiria wa nchi hii, lina nembo ya Toyota lakini hutoka kiwanda cha Daihatsu kule Kyoto. Kuna Probox hiyo hiyo inayouzwa Japani kwa jina la Mazda Familia. Starlet mpya, inayouzwa Afrika Kusini tangu 2020, si mtoto wa zile Starlet za ujana wetu. Ni Suzuki Baleno, inaundwa Gujarat. Hilo la Gujarat lilinichekesha peke yangu pale kwenye taa za Nyali. Mababu walisubiri upepo wa kaskazi ulete majahazi ya Gujarat yenye vitambaa, na leo linakuja gari la Mjapani mmoja lenye jina la Mjapani mwingine.

Na zile vani, Vanette na Bongo, je? Sisi tumegombana miaka kuhusu ipi ngumu. Kuanzia miaka ya 1990, Nissan Vanette ilikuwa inaundwa na Mazda. Ni Bongo. Tulikuwa tukigombana kuhusu nembo.

Harrier ndiyo iliyonikalia zaidi. Nyali imejaa Harrier zilizobanduliwa nembo na kubandikwa ile L ya Lexus, magari ya kifahari ya Toyota hiyo hiyo, na mimi nimewacheka wenyewe kwa miaka. Kumbe wengine walikuwa na haki yao! Harrier ya 2005 ndiyo Lexus RX iliyokuwa ikiuzwa Marekani. Tofauti ilikuwa nembo na vitu vidogo. Kufikia toleo la 2013 njia zikaachana, Harrier ikawa kitu chake na Lexus kitu chake. Kwa hivyo nembo ile ile, iliyonunuliwa kwa kijana yule yule wa barabarani, kwenye gari hili inasema kweli na kwenye lile linaloegeshwa pembeni inasema uongo.

Nani anajua? Hata mwenye gari hajui.

## Filta iliyokataa kuingia

Nikiwa katika kuchimbachimba huko nikakutana na kisa cha Marekani cha 1977 ambacho kilinikalia kwa siku kadhaa.

General Motors walikuwa na nyumba nyingi chini ya paa moja: Chevrolet ya mtu wa kawaida, Oldsmobile ya aliyepanda ngazi kidogo, na Cadillac juu kabisa. Oldsmobile walisifika kwa injini yao waliyoiita Rocket. Mwaka ule magari yakauzwa kuliko injini zilizokuwepo, wakubwa wakaona hakuna shida, wakachukua injini za Chevrolet zenye ukubwa ule ule wakazifunga ndani ya Oldsmobile. Hawakumwambia mteja.

Kilichowafichua si mpelelezi. Ni sevisi. Watu walipeleka magari yao, na spea za Oldsmobile, filta na mikanda, zikakataa kuingia. Mambo yakafika mahakamani, General Motors ikalipa fidia, na baadaye matangazo yake yakawa na maneno ya kuonya kwamba injini hutoka katika vitengo mbalimbali vya kampuni.

Nilivyosoma mara ya kwanza nikasema: ndio mimi huyu. Nimefanyiwa hivyo hivyo.

Mara ya pili nikaona kwamba sivyo. Wale walikuwa na tangazo mkononi lililosema Rocket, na filta iliyogoma ikawa ushahidi. Mimi nimeahidiwa nini, na nani? Toyota Japani waliuza gari hili kwa Mjapani. Yeye akaliendesha, akalipeleka mnada, likapanda meli, likashuka Kilindini. Toyota hawanijui. Hawajawahi kuniambia neno lolote kuhusu injini. Ile ahadi niliyodhani nimepewa ni maneno ya baba yangu.

Na filta yangu? Iliingia bila kusukumwa.

## Kilimia

Mpwa wangu ana Subaru. Wenye Subaru hamna haja ya kuelezwa, na wasio nayo wameshazisikia usiku. Nilipomsimulia habari ya Passo alifurahi kupita kiasi.

"Mjomba, ndiyo maana mie sinunui Toyota. Subaru ni Subaru."

Nikamwambia Toyota ina asilimia 20 ya Subaru tangu 2020.

"Asilimia ishirini ni mgeni tu. Akae sebuleni."

Nikamwambia kuna gari linaitwa Subaru Trezia, na hilo ni Toyota Ractis. Nikamwambia Subaru waliacha kujiundia magari madogo kabisa mwaka 2012, na yale madogo wanayouza kwao sasa wanayachukua kwa Daihatsu. Hapo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hizo si Subaru." Nami nikamuuliza nembo inasema nini.

Ninavyomjua, nilikuwa nimemkera tu, sikuwa nimemshinda. Maana akanikalisha ndani ya gari lake, akaliwasha, akaniambia nisikilize. Ule mngurumo wa pistoni zilizolala ubavu, kama ngoma ya mtu mwenye kigugumizi. "Hii iko Toyota gani?"

Iko moja, gari la michezo liitwalo 86, ambalo Toyota walilitoa 2012 pamoja na pacha wake Subaru BRZ. Injini ni hiyo ya kulala ubavu, na kiwanda ni cha Subaru. Lakini sikusema. Kwa sababu alikuwa na haki. Kuna kitu ndani ya gari lile ambacho huwezi kukibandika kwa gundi, na niliposhuka nilijikuta nauonea wivu ule mtetemo kwenye kiti.

Nilichomwambia ni kuhusu nembo. Subaru ni jina la Kijapani la nyota zile zile tunazoziita Kilimia, ambazo wazee wetu walizitazama kujua mvua na kusia. Kwenye nembo ziko sita, moja kubwa na ndogo tano: kampuni tano zilizoungana miaka ya 1950 zikawa moja. Neno lenyewe kwa Kijapani limebeba maana ya kuungana. Yaani jina analoapia kwamba halijachanganywa na chochote lina maana ya mchanganyiko.

"Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua," nikamwambia.

"Mjomba, koma."

## Desemba 2023

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa nimeshapoa. Magari ni ndugu, majina ni mavazi, maisha yaendelee.

Ila kulikuwa na jambo nililolisoma juujuu wakati ule likanipita, na sasa nililirudia nikiwa na gari lenye herufi zile chini ya grisi. Tarehe 20 Desemba 2023 Daihatsu ilitangaza kusimamisha usafirishaji wa magari yake yote. Kamati ya uchunguzi kutoka nje ilikuwa imekuta udanganyifu katika majaribio ya usalama wa magari ya aina 64, mengine yakiwa na nembo ya Toyota, na yapo pia yaliyouzwa kwa majina ya Mazda na Subaru. Kasoro mpya 174. Ya zamani kuliko zote ilikuwa ya 1989. Kuna majaribio ambamo mfuko wa hewa ulifyatuliwa kwa saa iliyotegeshwa, badala ya kifaa chake cha kuhisi ajali.

Chanzo, kamati ilisema, kilikuwa ratiba za kubana. Kuunda magari mengi kwa muda mfupi bila kuchelewa. Na hapo ndipo nilipoona upande wa pili wa undugu huu. Kampuni ndogo ikishakuwa jiko la kampuni kubwa, sahani zinaongezeka, mpishi ni yule yule, na wageni walioko mezani hawajui hata kama jikoni kuna mtu.

Mwezi uliofuata serikali ya Japani ikafuta vibali vya magari matatu: Daihatsu Gran Max, Toyota TownAce, na Mazda Bongo. Soma tena majina hayo. Ni gari moja. Ile Bongo yetu tuliyoijua, Mazda waliacha kujiundia 2020, jina likavishwa gari hili la Daihatsu linaloundwa Indonesia. Kanzu tatu, mwili mmoja, na mwili ulipougua kanzu zote zililala kitandani.

Machi 2024 rais wa Daihatsu akaondoka, nafasi yake ikachukuliwa na mtu kutoka Toyota. Hilo nililitafakari zaidi ya zile takwimu. Kumbe mwenye nyumba akivishwa aibu, hutoka nje. Kule, jina lina mtu wa kulijibia. Mteja wa Osaka ana mlango wa kugonga.

Mke wangu, niliyemsomea haya yote akikaanga viazi karai, aliuliza swali moja tu: "Na hili letu?"

Nilitoka nikaenda kukaa ndani ya gari, limeegeshwa, nikatazama zile herufi tatu katikati ya usukani. SRS, alama ya mfuko wa hewa. Kukaa na kuzitazama, sijui nilitarajia nini.

## Kaunta

Baba mkubwa alifanya kazi miaka mingi pale Miritini, kwenye kiwanda cha kuunganisha magari, AVA. Vipande vinashuka Kilindini kwenye makasha, vinafungwa pale vinatoka gari. Na kiwanda kile hakikuwa cha kabila moja la magari. Kiliunganisha ya kampuni nyingi chini ya paa lile lile. Nilimpelekea swali langu nikidhani atalipa uzito.

"Asubuhi nafunga boliti za huyu, mchana nafunga za yule," akasema. "Boliti haina dini."

Halafu akaniuliza kama spea zinapatikana.

Lilinikera jibu lile. Nilimwona mzee ananikwepa. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikuwa Mwembe Tayari kutafuta mkanda, nikasimama kwenye kaunta ya duka jembamba kama ushoroba, mikanda imening'inia kutoka darini kama nyoka waliokaushwa. Mbele yangu kulikuwa na watu wawili. Wa kwanza akasema ana Vitz. Kijana wa dukani hakuangalia juu.

"NZ au KR?"

"KR."

Akavuta boksi. Zamu yangu nikasema Passo. Nikajiandaa kueleza, maana sasa nilikuwa mtaalamu: kwamba kwa kweli ni Boon, kwamba kwa kweli ni Daihatsu.

"KR," akajijibu mwenyewe, mkono umeshafika kwenye rafu ile ile.

Pale ndani hakuna Toyota wala Daihatsu. Kuna KR, jina la injini. Injini ile ya Osaka iko kwenye Passo, iko kwenye Vitz ya lita moja, na Ulaya iliwekwa kwenye Toyota Aygo na ndugu zake wawili, Citroën C1 na Peugeot 107, kutoka kiwanda kimoja cha Ucheki. Peugeot! Kuna wazee hapa mjini walioapa kwa Peugeot hadi kaburini.

Nilisimama pale nikiwa na mkanda wangu, watu wananisukuma, nikaelewa ni nini hasa nilichokilipia kule yadi. Hakuna kampuni iliyoniahidi kitu. Jina Toyota, likishashuka Kilindini, linakuwa si la Toyota tena. Linakuwa la kaunta hii. Lina maana kwamba ukikwama Mtwapa saa mbili usiku kuna mtu anayelijua gari lako gizani, na asubuhi kuna rafu yenye kifaa chako. Nililipia umati. Baba, ambaye hakuwahi kushika usukani, alikuwa akizungumzia umati huo, na yeye alifikiri anazungumzia Japani.

Je, hilo latosha? Siku nyingine naona latosha kabisa. Siku nyingine nakumbuka SRS.

## Tangazo

Tumepata mtoto wa tatu na Passo haituenei. Nimekaa wiki tano na tangazo la kuuza gari kwenye simu, sijui niandike nini kwenye neno la kwanza. Nikiandika Toyota nahisi kama muuzaji wa yadi. Nikiandika Daihatsu hakuna atakayepiga simu, na yule atakayepiga atataka punguzo la pole.

Niliandika Toyota.

Aliyekuja ni mwalimu kutoka Bombolulu, na kaka yake. Kaka akapiga matairi mateke, kama ilivyo sheria. Dada alikuwa na utulivu zaidi. Alifungua mlango akaufunga, akasikiliza sauti yake, akaufungua tena.

"Spea?"

"Mwembe Tayari, duka lolote. Waambie KR."

"Ni Toyota, sivyo, kaka?" akaniuliza.

Nikafungua boneti. Nikachukua kitambaa, nikafuta pale mzee aliponionyesha, nikasogea ili aone. Akainama, akazisoma zile herufi moja moja, taratibu, kama anayesahihisha imla ya mwanafunzi. Kaka yake naye akainama. Jua la saa saba lilikuwa limetusimamia utosini.

Akanyoosha mgongo, akajipepea kwa ncha ya leso.

"Na ac yake yapoza?"